Wanene Kulia, Wembamba Kushoto

Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa sabuni. Ilikuwa siku yangu ya pili kazini, nasugua bafu la chumba namba nne, nikaiweka sabuni kwenye ukingo wa sinki nipate kukaza kitambaa kichwani. Ikateleza. Nikairudisha. Ikateleza tena, taratibu, kama mtu anayejua aendako, ikaangukia kushoto. Nikavuka korido nikaijaribu chumba namba tano. Kushoto tena. Meli ilikuwa imefungwa gatini kwa kamba nne, na bahari haikuwa na hata kunyanzi moja.

Nilimtafuta Mama Mdogo nikamnong'oneza, "Meli imelala upande."

Akatazama nyuma, akatazama mbele, akanivuta ndani ya stoo ya mashuka. "Nani kakwambia?"

"Sabuni."

"Basi wewe na hiyo sabuni yako mfunge midomo."

Mama Mdogo ni mdogo wake marehemu mama yangu. Ndiye aliyenilea, na nilipoishia darasa la tano ndiye aliyenitafutia kazi. Melini alikuwa mkuu wa vyumba, wakati huo mwaka wa kumi na moja, na nyuma ya mgongo wake watu wote walimwita Mizani. Mimi waliniita Kimya. Hawakusubiri nigeuke mgongo, maana walijua sitajibu.

Ili uelewe kwa nini meli ililala, lazima nikusimulie maisha yake, na hayo si maisha ya kumsimulia mgeni mezani. Nahodha aliitungia meli maisha mengine, ya kwenye kipaza sauti. Kila tulipong'oa nanga alikohoa mara mbili, halafu: "Mabibi na mabwana, chombo hiki kilijengwa mahususi kwa safari za waungwana, na tangu siku hiyo kimesimama wima kama askari."

Waungwana wenyewe walikuwa ng'ombe. Meli ilijengwa kubeba ng'ombe na mifuko ya barua, bandari hii mpaka ile, ikifuata ufuo. Ndiyo maana korido yetu ni pana kupita kiasi: ilipimwa kwa ng'ombe mmoja na mchungaji anayemsukuma. Zile pete za chuma ukutani, zilizopakwa rangi nyeupe, ambazo wageni huanikia taulo, zilikuwa za kufungia kamba za shingo. Na chini ya zulia la ukumbi wa chakula kuna mfereji. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo zulia huanza kukumbuka mambo ya zamani, na Mpishi hukaanga vitunguu hata kama havihitajiki.

Ng'ombe walipopata barabara, meli ikauzwa. Mwenye meli wa pili aliona ni fupi, akaikata katikati kama mkate, akazisogeza nusu mbili mbali, akachomelea mita saba za chuma kipya katikati. Mshono wa nyuma upo mpaka leo, mbele ya chumba namba saba, umevimba chini ya zulia, na kila safari lazima mgeni ajikwae hapo amtukane mtu asiyemjua. Mbele ya mshono milango hufunguka kwa ndani; nyuma yake hufunguka kwa nje. Mafundi walikuwa wawili na inaonekana hawakusalimiana.

Halafu akaja mwenye meli wa tatu, huyu wa sasa, tunayemwita Tajiri. Yeye alitaka watalii. Akagawa chini vyumba vinane, akajenga ghorofa juu yenye vingine vinane, kila kimoja na bafu lake. Bomba la maji machafu lilipita kushoto, kwa hiyo vyoo vyote vikaenda kushoto. Jiko likafuata bomba. Friji kubwa likafuata jiko. Jenereta likafuata friji. Hakuna aliyeuliza kulia kuna nini. Kulia kulikuwa na madirisha.

Hivyo ndivyo ilivyolala. Vidole viwili tu, lakini vidole viwili vinatosha kumwaga supu.

Aliyeitibu ni Mama Mdogo. Yeye aligundua kwamba dawa inapanda melini yenyewe kwa miguu yake na tiketi mkononi. Vyumba namba witiri, moja, tatu, tano, viko kulia, namba shufwa, mbili, nne, sita, viko kushoto, na yeye ndiye anayegawa funguo. Alisimama juu ya ngazi ya kupandia na daftari lake, anatabasamu, macho yake yanakupima toka kisigino.

Siku moja walipanda bwana mmoja mkubwa na mkewe mkubwa zaidi.

"Karibu baba, karibu sana mama. Nimewawekea namba tano."

"Tiketi yetu inasema sita," akasema yule bwana.

"Sita ina mbu."

"Mbu? Baharini?"

"Ndiyo maana wana njaa, baba yangu. Watakumaliza."

Nyuma yao walikuwa maharusi, wawili wembamba kama njiti. Bibi harusi akauliza, "Na sisi, tumepewa ngapi?"

"Nyinyi sita."

"Si ina mbu?"

"Kwenu watakosa pa kukaa. Piteni wanangu, hata mkirukaruka humo hakuna atakayejua."

Mezani ilikuwa hivyohivyo, wanene kulia, wembamba kushoto. Na kama kushoto kulikuwa na kitu kizuri cha kutazama, kisiwa au jua linazama, watu wakaanza kukimbilia huko, Mama Mdogo alimkonyeza Nahodha, naye anashika kipaza: "Tazameni kulia! Pomboo! Watatu! Wanne!" Hapakuwa na pomboo hata mmoja. Lakini wote walikimbilia kulia, meli ikanyooka, na jioni mezani wageni walibishana kama walikuwa wanne au sita.

Tungeendelea hivyo mpaka tuzeeke, isingekuwa barua. Mkaguzi wa meli wa zamani alikuwa akikagua akiwa amekaa mezani, na kadiri alivyoshiba ndivyo meli ilivyonyooka. Huyo alistaafu. Barua ikasema mkaguzi mpya atakuja Jumanne saa nne asubuhi, na meli aikute gatini, tupu, bila abiria.

Bila abiria! Mpishi aliisoma kwa sauti ukumbini na mwiko ukamponyoka. Meli tupu ni meli isiyo na dawa. Mkaguzi akiikuta imelala atatunyima cheti, na Tajiri alishasema kwamba ikikosa cheti ataiuza kwa wakata vyuma, asumbuliwe na biashara nyingine. Wengine walikuwa vijana, wangepata pengine. Mama Mdogo alikuwa amebakiza miaka miwili apate kiinua mgongo chake. Watoto wake wawili walikuwa bado shule, na hakuna mahali pengine duniani panapomhitaji mtu wa kupima wanene kwa macho.

"Hatushindwi," akasema. "Abiria hawapo, sisi tupo."

Mpango wake ulikuwa rahisi. Jumanne wafanyakazi wote walale kwenye vyumba vya kulia, wawili wawili, milango imefungwa, kila kitanda na gunia la mchele au viazi. Mkaguzi angepita koridoni, akaona meli imesimama, akaweka saini, akaenda zake.

Ulikuwa mpango mzuri. Tatizo ni kwamba Fundi Mkuu naye alikuwa na mpango, na Fundi na Mama Mdogo walikuwa hawasemezani mwaka wa pili. Chanzo ni kifungua kinywa kimoja, Mama Mdogo alipomwambia mbele ya watu wote, "Fundi, umenawiri. Kuanzia leo unahamia kitanda cha kulia." Watu walicheka mpaka wakamwaga uji. Tangu hapo, jambo lolote kati ya injini na vyumba lilipitia kwa Mpishi, na siku ile Mpishi alikuwa na magunia ya kubeba.

Jumanne saa mbili asubuhi nilikuwa chumba cha kufulia, bomba likakauka mkononi mwangu. Chumba hicho kimepakana na injini, kwa hiyo nikaenda kuchungulia. Nikamkuta Fundi amepiga magoti na spana, jasho linamtiririka, anafungulia maji kutoka tangi la kushoto kwenda la kulia. Kipimo cha tangi la kulia kilikuwa kimejaa mpaka juu. La kushoto lilikuwa tupu.

"Kimya, ni wewe," akasema bila kugeuka. "Unaona hii? Huku ndiko kunyoosha meli. Mtu aliyesomea hanyooshi meli kwa makalio ya watu."

Nikakitazama tena kipimo.

"Na usimwambie Mizani. Nataka aone mwenyewe."

Nilisimama pale kidogo. Pembe tuliambiwa tutazisoma darasa la sita, lakini hili halikuhitaji darasa. Maji yote kulia, watu wote kulia, mchele wote kulia.

Nikapanda juu. Mama Mdogo alikuwa koridoni, anapanga watu kama mashuka. "Nyinyi wawili, namba moja. Mpishi, tatu, na kumbatia gunia lako, usiliache litembee. Wewe, toa hivyo viatu... basi, vaa, vina uzito." Nikasimama mbele yake.

"Una nini?"

"Mama Mdogo..."

"Sema mwanangu, mkaguzi yuko getini."

"Basi. Hakuna kitu."

Akanishika shavu. "Mtoto huyu na aibu zake. Haya, wewe huna uzito wa maana. Nenda ukumbini umpe mkaguzi chai." Akaingia namba tano, akajilaza chali, daftari kifuani, akafunga mlango.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni, mkoba wake mkubwa kuliko yeye. Alisimama gatini muda mrefu akiitazama meli, ameinamisha kichwa. Kisha akainamisha upande wa pili. Nahodha alimpokea kwa sare nyeupe na ile sauti ya kipaza, ingawa kipaza hakikuwepo.

"Karibu, mheshimiwa. Chombo hiki kilijengwa mahususi kwa safari za waungwana, na tangu siku hiyo..."

Kikombe nilichokuwa nimemwekea mkaguzi kikaondoka mezani. Hakikuanguka palepale. Kilisafiri. Kilipita chombo cha sukari, kikapita kofia ya Nahodha, kikafika mwisho wa meza upande wa kulia, kikashuka.

"...kimesimama wima kama askari," akamalizia Nahodha, maana maneno yalikuwa tayari njiani.

Mkaguzi akakitazama kikombe pale chini. Akafungua mkoba, akatoa timazi, uzi wenye kirisasi mwishoni, akauning'iniza darini. Kile kirisasi kikaenda kulia, kikakaa huko. Akapima kwa rula.

"Vidole kumi na viwili," akasema.

"Timazi yako itakuwa imepinda," akasema Nahodha.

"Ni uzi, Nahodha. Uzi haupindi."

"Basi ni dari."

Mkaguzi akaikunja timazi, akaomba kuona vyumba. Nikawafuata na birika la chai, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nisiwafuate. Nilishasema kwamba mbele ya mshono milango hufunguka kwa ndani. Vitasa vyake ni vya zamani, vimelika, na meli ikiwa imelala kulia namna ile, milango ya kulia haina sababu ya kubaki imefungwa. Tulipofika namba moja mlango ukalia kwiii, ukajifungua wenyewe kwa heshima zote. Wahudumu wawili wa mezani walikuwa kitandani, bega kwa bega, wamefumba macho kwa nguvu.

"Hawa ni abiria?" akauliza mkaguzi.

"Wanapumzika," akasema Nahodha.

"Na viatu?"

Namba tatu ikajifungua. Mpishi alikuwa amelikumbatia gunia la mchele kama mke aliyerudi kutoka safari ndefu. Akafumbua jicho moja, akasema, "Shikamoo, mzee," akalifumba tena.

Namba tano. Mama Mdogo alikuwa amelala chali kwa adabu kabisa. Mlango ulipofunguka akaketi, akaweka sawa kitambaa chake, na daftari likamteleza kifuani, likapita sakafuni, likasimama kwenye ukuta wa nje. Mkaguzi akateremka akaliokota. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma hukumu.

"Namba tisa: bwana mstaafu na mkewe, magunia mawili na nusu, wasipande juu wakati mmoja. Namba kumi: maharusi, ufito na ufagio. Namba kumi na tano: mama mcheshi, peke yake anatosha." Akafunua ukurasa wa mwisho. "Jumanne. Mkaguzi: amechunguliwa getini, mkavu, pamoja na mkoba. Akae popote. Hana athari."

Kwenye chumba fulani, gunia la viazi lilijigeuza.

Nahodha ndiye aliyetangulia kusema, na alichosema sijakisahau. "Mheshimiwa," akasema, "nimefurahi umejionea. Huyu mama nimemwonya miaka. Anawasukumasukuma watu kwa imani zake za kienyeji, mpaka ameniharibia chombo. Wewe mama, kusanya nguo zako. Leo ndiyo siku yako ya mwisho hapa."

Mama Mdogo alimtazama. Nilidhani atalia. Akavaa kandambili zake kwanza, moja, ya pili.

"Nahodha," akasema, "pomboo walikuwa wangapi?"

"Nini?"

"Pomboo. Kila safari, miaka kumi na minne. Nilipokukonyeza ukasema 'tazameni kulia', walikuwepo wangapi?" Mama Mdogo akamgeukia mkaguzi. "Baba, hii meli hailali kulia. Inalala kushoto, vidole viwili, tangu ilipojengwa ghorofa. Leo sijui imeingiliwa na nini. Ukitaka ukweli wake nitakupa, lakini si kwa kipaza."

Akampa. Alimtembeza meli nzima na ule mteremko, mkono mmoja ukutani. Akamwonyesha pete za ng'ombe. Akakunja zulia akamwonyesha mfereji. Akamsimamisha juu ya mshono, akamwambia, "Hapa ilikatwa, na kule mbele tena, ukihesabu nguzo utaona." Ule mchoro wa meli uliokuwa ukumbini ndani ya fremu, ambao Nahodha aliwaonyesha wageni, mkaguzi aliutoa ukutani akaupeleka dirishani. Ulikuwa mchoro wa kabla ya kukatwa. Meli iliyochorwa mle ilikuwa fupi, haina ghorofa, na pale walipokuwa wakila waungwana paliandikwa kwa herufi ndogo: zizi.

Kisha mkaguzi akaamuru watu wote washuke gatini na magunia yao. Tulishuka kumi na sita, tumebeba viazi, na wapita njia wakadhani meli inafukuza wapangaji. Meli ikainuka kidogo. Lakini bado ililala kulia. Mkaguzi akakuna kidevu.

Hapo Fundi Mkuu akajitokeza kutoka chini, mafuta mpaka kwenye nyusi, kifua mbele. Alikuwa hajui lolote lililotokea juu. "Mpishi," akasema, "mwambie huyo mama aitazame meli ilivyosimama. Tangi la kulia nimelijaza mpaka..." Akaitazama meli. "Mbona imelala?"

"Mpishi," akasema Mama Mdogo, "mwambie huyo bwana ni punda."

Mpishi alikuwa na gunia begani. "Mmesikiana," akasema.

Maji yalirudishwa, nusu kwa nusu, na meli ikalala pale inapolalaga, kushoto, vidole viwili. Mkaguzi akashusha timazi yake, akapima mara tatu. Akasema haivuji, haizami, ila imejengwa na watu wasiosemezana na inaendeshwa na watu wasiosemezana. Hatapewa mtu cheti mpaka ziwekwe tani za chuma chini kabisa, upande wa kulia, na mchoro mpya utengenezwe. "Na huyu mama nitamhitaji siku ya kukagua tena," akamwambia Nahodha. "Ndiye pekee anayejua kila kitu kiko wapi. Nisipomkuta hapa, sipandi."

Nahodha akasema bila shaka, mheshimiwa, ndivyo alivyokuwa anafikiria hata yeye.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Chuma kiliteremshwa kipande kwa kipande, Fundi chini, Mama Mdogo juu, Mpishi katikati akipaza maneno yao. Mkaguzi akarudi, akaning'iniza uzi wake, kirisasi kikashuka moja kwa moja kama kimechoka. Tukapewa cheti. Tajiri akawapigia simu wakata vyuma kuwaambia wasije.

Siku hizi mgeni analala anapotaka. Mama Mdogo bado anasimama juu ya ngazi na bado macho yanampanda mtu toka kisigino, lakini funguo anazitoa kwa mpangilio wa tiketi, bila raha. Siku moja alipanda bwana mmoja mpana kama mlango wa gereji, Mama Mdogo akamkabidhi namba kumi na sita, ya kushoto, akanigeukia akasema, "Ona jinsi tunavyopoteza vitu."

Watu wakisimulia ile Jumanne husema: maskini Kimya, alikuwa anajua, aibu ikamziba mdomo. Fundi alimwambia Mpishi kwamba niliyaona matangi. Mpishi akamfikishia Mama Mdogo. Na Mama Mdogo alinikumbatia, akaniambia nisijilaumu, ndivyo nilivyoumbwa, na hata marehemu mama yangu alikuwa hivyo. Nikamwacha aseme. Nikamlilia begani na kumwacha aseme.

Lakini maneno hayakunikwama asubuhi ile. Yalikuwa yamekaa mdomoni, mafupi, mepesi: Fundi amejaza tangi. Niliyameza mwenyewe. Miaka mitatu nilikuwa nadeki sakafu iliyopinda huku kipaza kikiniambia imenyooka, na nilitaka siku moja tu kikombe kitembee mbele ya Nahodha na mbele ya mtu mwenye rula. Kilipotembea nilifurahi. Sikufikiri kwamba atakayeambiwa akusanye nguo ni wewe. Na Nahodha alipokwambia, nilikuwa nyuma yako na birika la moto mkononi, na bado nilinyamaza.

Mama Mdogo, sikushindwa kusema. Nilitaka kuona.